Herufi R nyuma ya kioo: kwa nini 'Cuda moja huuzwa mamilioni na pacha wake makumi ya maelfu

Juni 2014, katika mnada wa Mecum mjini Seattle, nyundo iligonga kwenye dola milioni 3.5. Gari lililouzwa lilikuwa Plymouth 'Cuda, toleo la michezo la Barracuda, ya mwaka 1971, ya buluu, yenye paa la kukunja, gia za mkono na injini ya Hemi ya inchi za ujazo 426. Mwaka huohuo, kiwanda kilekile cha Hamtramck, Michigan, kilitoa Barracuda nyingine za paa la kukunja zenye injini ndogo ya inchi za ujazo 318. Milango ni ileile, kioo cha mbele ni kilekile, mlango wa buti unaweza kuuhamisha kutoka gari moja hadi jingine kwa spana tu. Lakini hiyo ya 318, hata ikiwa imetunzwa vizuri, inapata mnunuzi kwa makumi ya maelfu ya dola.

Ukiyaegesha sambamba, mtu asiyeyajua atauliza kama yupo aliyepunjwa. Hayupo. Mnunuzi wa Seattle alijua anacholipia, na hakilali kwenye uzuri wa bodi wala kwenye mwendo. Alilipia uamuzi ambao mteja mmoja aliufanya kwenye fomu ya oda mwanzoni mwa miaka ya sabini, uamuzi ambao wateja karibu wote waliukataa, na ambao leo bado unaweza kuonyeshwa kwenye chuma cha gari lenyewe. Uchache na ushahidi, vyote viwili kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, bei inaanguka, na katika kisa hiki tutaona inavyoanguka.

Fomu ya oda

Barracuda ya kizazi cha tatu iliingia sokoni kama modeli ya 1970. Chrysler ilikuwa imesanifu bodi mpya iliyoitwa E, ambayo Plymouth iliitumia kwa Barracuda na Dodge kwa Challenger. Sifa yake kubwa ilikuwa upana wa chumba cha injini. Kiliweza kumeza kila kitu, kuanzia injini ya silinda 6 ya inchi za ujazo 225 hadi Hemi yenyewe, ambayo ni pana kuliko zote kwa sababu ya silinda hedi zake.

Jina 'Cuda lilikuwa la toleo la michezo la Barracuda. Lilikuja na injini ya 383 yenye nguvu farasi 335 bila kulipia nyongeza. Aliyetaka kingine aliweza kuchagua 340 (275), 440 yenye kabureta moja (375), 440 yenye kabureta tatu (390), au Hemi (425). Hizo ni namba za makaratasi. Ya Hemi inafahamika kuwa ilitajwa chini ya uwezo wake halisi.

Sasa tazama hesabu aliyokuwa nayo kijana wa 1970 mbele ya muuzaji. 'Cuda ya paa la chuma ilianzia takriban dola 3,164. Kabureta tatu za 440 zilikuwa nyongeza ya dola 249.55. Hemi ilikuwa nyongeza ya dola 871.45, yaani zaidi ya robo ya bei ya gari zima. Kati ya injini hizo mbili kubwa, tofauti ya karatasini ni nguvu farasi 35, na tofauti ya mfukoni ni karibu dola 622. Barabarani, kutoka taa nyekundu moja hadi nyingine, mwenye 440 hakuwa na sababu ya kumwonea wivu mwenye Hemi. Injini yake ilivuta kuanzia mizunguko ya chini, wakati Hemi ilitaka mizunguko mingi ndipo iamke.

Halafu kulikuwa na bima. Kampuni za bima za Marekani zilishaanza kupanga magari kwa nguvu ya injini na uzito wa bodi, na kijana wa chini ya miaka 25 mwenye Hemi alikuwa wa kwanza kupandishiwa ada. Kulikuwa pia na kazi ya kuitunza. Hemi ilikuwa na kabureta mbili za Carter zilizopangwa mstari mmoja, kila moja ya matundu manne, na zisipofungwa na kurekebishwa zikaenda pamoja, injini inakohoa mjini na kulowesha plagi. Plagi zenyewe zinapita katikati ya kava za vali kupitia mirija maalumu. Fundi aliyezoea 383 alihitaji subira.

Kwa nini basi itengenezwe? Kwa sababu ya mashindano. Hemi ya 426 ilizaliwa mwaka 1964 kwa ajili ya NASCAR, mbio za magari za Marekani. Februari mwaka huo Richard Petty alishinda Daytona 500 akiwa na Plymouth yenye injini hiyo. Jina lake linatokana na umbo la chumba cha mwako, ambalo ni nusu tufe: vali ya kuingiza na ya kutoa zinakaa zikitazamana, hivyo zinaweza kuwa kubwa, na hewa inapita bila kukata kona kali. Waandalizi walipodai injini ya mashindano iwe pia inauzwa kwa wananchi, Chrysler ikaileta barabarani kwa modeli za 1966. Kwa hiyo Hemi ya barabarani ni mnyama wa mashindano aliyefungwa kamba kidogo, na hilo ndilo jina lililobaki vichwani mwa watu. Miaka hamsini baadaye, jina hilo linalipiwa kuliko sekunde za saa.

Matokeo ya fomu za oda ni haya. Mwaka 1970 zilitoka 'Cuda za Hemi za paa la chuma 652. Za paa la kukunja zilitoka 14: za gia za mkono 5 na otomatiki 9. Mwaka 1971 za paa la chuma zilishuka hadi zaidi kidogo ya 100, na za paa la kukunja zikawa 11 au 12 kutegemea anayehesabu, mbili tu kati yake zikiwa za gia za mkono kwa soko la Marekani. Mwishoni mwa msimu huo utengenezaji wa Hemi ukasitishwa. Sheria ya Hewa Safi ya 1970 ilikuwa imeanza kubana, petroli ya risasi ilikuwa inaelekea kuondolewa, mgandamizo wa injini ulilazimika kushuka. Paa la kukunja nalo likaondolewa kwenye bodi E baada ya 1971. Barracuda yenyewe ilitoka kiwandani mara ya mwisho Aprili 1974.

Gari la Seattle linasimama mahali ambapo mistari hii yote inakutana: Hemi ya mwaka wa mwisho, paa la kukunja la mwaka wa mwisho, gia za mkono. Hakuna aliyelipanga liwe hivyo. Ni masalia ya bidhaa iliyokuwa haiuziki.

Uchache peke yake haulipi

Hapa ndipo wengi wanapokosea, hasa wanaoanza. Wanasikia "zilitengenezwa chache" na wanadhani wamepata dhahabu. Chukua Barracuda ya paa la kukunja yenye injini ya silinda 6. Walioinunua walikuwa wachache, kwa sababu aliyetaka gari la upepo na jua hakutaka injini ya teksi. Ni adimu kweli, na bado haikaribii hata kidogo bei ya 'Cuda ya 440. Adimu ni lazima awe adimu wa kitu ambacho watu walikitamani tangu mwanzo na wakashindwa kukimudu. Kijana aliyekuwa na miaka 17 mwaka 1970 aliikodolea macho Hemi dukani akaondoka na 340. Alipofika miaka 50 na fedha zikiwa benki, hakwenda kutafuta silinda 6.

Mfano wa upande wa pili ni AAR 'Cuda ya 1970, iliyotengenezwa ili Plymouth iruhusiwe kushindana katika mfululizo wa mbio za Trans-Am chini ya timu ya Dan Gurney, All American Racers, ambayo herufi zake ndizo jina la gari. Ina boneti ya faiba nyeusi isiyong'aa, ekzosi zinazotokea ubavuni mbele ya tairi za nyuma, tairi za nyuma pana kuliko za mbele, na 340 yenye kabureta tatu. Ni gari lenye kisa kizuri cha mashindano na linaendesheka vizuri kuliko Hemi kwenye kona, kwa sababu pua yake ni nyepesi. Lakini zilitoka 2,724. Bei yake ni nzuri na haitetereki ovyo, ila haiingii kwenye chumba kimoja na Hemi ya paa la kukunja. Kwa maoni yetu ni gari bora zaidi la kuendesha kati ya 'Cuda zote, na mwenye nia ya kutumia gari badala ya kulifungia aanzie hapo.

Gia za mkono nazo zinafundisha jambo. Kwenye mbio za robo maili, otomatiki ya Chrysler iitwayo TorqueFlite haikuwa nyuma ya gia za mkono, na mikononi mwa dereva wa kawaida mara nyingi ilikuwa mbele, kwa sababu haikosei kubadilisha. Pamoja na hayo, 'Cuda ya Hemi ya gia za mkono huuzwa ghali kuliko ya otomatiki. Sehemu ya sababu ni namba. Sehemu nyingine ni mpini wa gia wa Hurst wenye umbo la kishikio cha bastola, unaojaa kiganjani, na difu ya Dana 60 inayokuja nayo, ambayo kraunwili yake ina kipenyo cha inchi 9¾. Otomatiki ilipewa difu ndogo ya inchi 8¾ isipokuwa mteja alipolipia kifurushi cha ekseli nzito.

Rangi na urembo huja mwisho, na vina nguvu kuliko inavyodhaniwa, mradi vimeandikwa. Rangi kali za 1970, kama Limelight ya kijani (msimbo FJ5), In-Violet ya zambarau (FC7) au Moulin Rouge ya waridi (FM3), zilikuwa nyongeza ya dola chache tu. Leo gari lililotoka kiwandani na rangi ya waridi linapandishwa bei na rangi hiyo. Gari lililopakwa waridi mwaka juzi halipandishwi hata senti. Vivyo hivyo stika kubwa nyeusi za ubavuni za 1971 zenye neno HEMI: zinauzwa mpya kwa posta, na mtu yeyote anaweza kuzibandika kwenye 318 jioni moja.

Kusoma chuma

Kwa anayenunua Toyota kutoka Japani, karatasi ya mnada ndiyo inayosema gari ni daraja gani. Kwa 'Cuda karatasi ipo, lakini inakuja baada ya chuma. Kumbukumbu za utengenezaji za Chrysler zinazoweza kutolewa kwa wamiliki zinaishia na magari ya 1967. Mwenye Pontiac anaweza kuagiza nakala ya ankara ya kiwanda ya gari lake. Mwenye Plymouth ya 1970 au 1971 hana barua kama hiyo. Kwa hiyo anasoma gari.

Anzia nje, kwenye kibati cha namba ya chesisi kilichopo juu ya dashibodi, upande wa dereva, kinachoonekana kupitia kioo cha mbele. Kwa gari la aina ya Seattle kinaanza hivi: BS27R1B, kisha tarakimu sita. B ni Barracuda. S ni daraja la 'Cuda; Barracuda ya kawaida huandikwa BH. 27 ni paa la kukunja, 23 ni paa la chuma. R ni Hemi ya 426. Tarakimu 1 ni mwaka 1971, na B ya mwisho ni Hamtramck. Pacha wake wa 318 anaanza BH27G1B. Herufi ya tano ndiyo inayobeba mamilioni: G ni 318, H ni 340, N ni 383, U ni 440 ya kabureta moja, V ni 440 ya kabureta tatu.

Hii ni faida ambayo magari mengine ya enzi hiyo hayana. Chevrolet Chevelle ya 1970 yenye injini ya LS6, nguvu farasi 450, ni miongoni mwa zinazotafutwa sana, lakini namba yake ya chesisi inasema tu kuwa ina silinda 8. Haisemi SS, yaani toleo lake la michezo, haisemi LS6. Mnunuzi wake anaishi au kufa na karatasi ya utengenezaji, ambayo mara nyingi huokotwa juu ya tangi la mafuta. Ndiyo maana kuigiza Chevelle ya LS6 ni rahisi kuliko kuigiza 'Cuda ya Hemi.

Angalia riveti zinazoshika kibati. Za kiwandani zina kichwa chenye umbo la ua. Riveti za kawaida za duara, gundi, au mikwaruzo ya bisibisi kuzunguka kibati ni sababu ya kusimama hapohapo. Kuhamisha au kuharibu kibati hicho ni kosa la jinai chini ya sheria ya shirikisho ya Marekani, na gari linaweza kukamatwa likiwa mikononi mwako wewe uliyenunua kwa nia njema.

Fungua boneti. Tafuta kibati kingine kilichofungwa ndani ya fenda ya kushoto. Kinasomwa kuanzia chini kwenda juu, kushoto kwenda kulia. Mstari wa chini kabisa huanza na msimbo wa injini na wa gia: E74 ni Hemi, D21 ni gia nne za mkono, D32 ni otomatiki ya kazi nzito. Misimbo ya juu yake inatoa rangi, kiti, tarehe iliyopangiwa gari kutoka, na nyongeza moja moja, mfano N96 ambayo ni ile boneti yenye tundu la kupitishia kiingiza hewa kilichofungwa juu ya injini na kutikisika nayo. Tarehe imeandikwa kwa herufi moja au tarakimu moja ya mwezi, kisha siku: 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, A ni Oktoba, B Novemba, C Desemba. C05 ni tarehe 5 Desemba. Kumbuka kwamba vibati hivi vinatengenezwa upya na kuuzwa, kwa kisingizio cha kurudishia kilichopotea. Kibati peke yake kisikupe usingizi.

Kinachofuata ni namba zilizogongwa kwenye bodi yenyewe: nane za mwisho za namba ya chesisi, mfano 1B na tarakimu sita. Kwenye bodi E zipo juu ya fremu inayoshika rejeta, na kwenye ukingo wa bati juu ya ukuta wa injini, chini ya mpira wa boneti. Vua mpira taratibu. Usipige msasa wala brashi ya waya. Tumia dawa ya kuondolea rangi na kitambaa laini, kisha mulika tochi kwa pembe, si kwa wima, ili kivuli kiingie kwenye mashimo ya herufi. Kugonga kwa kiwanda hakukuwa kwa mkono wa msanii: herufi zinapanda na kushuka kidogo, nyingine zina kina zaidi. Mstari ulionyooka sana na wenye kina sawa kila mahali unahitaji maelezo. Tafuta pia alama za kulehemu pembeni ya kipande hicho. Bodi iliyooza ambayo namba zake zimekatwa na kuchomelewa kwenye bodi ya 318 ni ulaghai wa zamani, na mara nyingi unaonekana kwa chini ya bati, ambako fundi hakujisumbua kusaga.

Halafu injini. Namba nane zilezile zinatakiwa kuwa zimegongwa kwenye bloku, chini, karibu na ukingo wa sampu (bakuli la oili), na tena kwenye kasha la gia. Hii ndiyo maana ya maneno "namba zinalingana". Ubavuni mwa bloku kuna namba ya kumiminia chuma: ya Hemi ya miaka hiyo ni 2468330. Ukiona 2468130 hiyo ni 383, na 2536430 ni 440. Karibu yake kuna tarehe ya kumimina, mwezi, siku na mwaka. Bloku iliyomiminwa baada ya gari kutoka kiwandani haiwezi kuwa yake, hata namba nane ziwe zimegongwa vizuri kiasi gani. Walaghai wengi wameumbuka kwa tarehe hii, kwa sababu wanajua kugonga namba lakini hawawezi kubadilisha maandishi yaliyovimba kwenye chuma cha kumiminwa bila kuacha kovu.

Ingia chini ya gari. Hemi haikufungwa kwenye krosmemba, yaani chuma cha mbele kinachobeba injini, ya 383. Ya kwake ina masikio tofauti ya kushikia mauntingi za injini. Springi za bapa za nyuma hazilingani kulia na kushoto, idadi ya majani si moja, kwa makusudi, ili kuzuia ekseli kujipinda gari linapoondoka kwa nguvu. Kwa gia za mkono, shafti ya kuingilia kwenye giaboksi ina meno 18, wakati giaboksi za injini ndogo zina 23. Mtu aliyegeuza 318 kuwa Hemi mara nyingi amepata injini sahihi na krosmemba sahihi, akasahau springi au giaboksi.

Mwisho kabisa njoo kwenye karatasi. Kiwandani kila gari lilisafiri na karatasi ya maelekezo ya kufungia vifaa, na wafanyakazi waliiacha ilipoangukia: katikati ya springi za kiti cha nyuma, juu ya kisanduku cha dashibodi, chini ya zulia. Ikipatikana, mara nyingi ina madoa ya kutu yenye umbo la springi iliyoilalia. Nakala za kughushi zipo, zimechapwa upya na kuchovywa kwenye chai. Linganisha namba ya chesisi, kisha linganisha kila msimbo na kibati cha fenda. Wanaoghushi hukosea kwenye vitu visivyo na fedha, kama mkanda wa kiti au aina ya kioo cha pembeni.

Inapovunjika

Sasa rudi kwenye bei na uone kinachotokea kila kiungo kinapokatika.

Kisa cha kawaida zaidi si wizi. Ni injini iliyolipuka. 'Cuda za Hemi zilinunuliwa zikapelekwa kwenye mbio za robo maili Jumapili ileile, na bloku nyingi zilipasuka. Bloku ya akiba aliyopewa mwenye gari ilikuja tupu, bila namba ya gari. Gari kama hilo bado lina R kwenye kibati, bado ni Hemi halisi, lakini si la namba zinazolingana, na soko linalikata sehemu kubwa ya thamani. Mmiliki anayegonga namba kwenye bloku hiyo tupu ili "kurudisha" ukamilifu anaharibu zaidi: akigundulika, na siku hizi wakaguzi wanakuja na kamera na picha za kulinganisha, mnunuzi anaacha kuamini na mengine yote kwenye gari. Bloku tupu iliyoelezwa kwa ukweli, pamoja na risiti ya zamani ya karakana, ina bei bora.

Kisa cha pili ni gari la kuigiza. Hakuna ubaya wa kutia Hemi kwenye BH27G, mradi linauzwa kwa jina lake. Lakini hesabu haimlipi mjenzi. Injini, krosmemba, rejeta pana ya inchi 26, difu, springi na kazi ya bodi vikijumlishwa mara nyingi vinazidi bei atakayopata. Anayejenga gari hilo ajenge kwa sababu anataka kuliendesha.

Kisa cha tatu ni ukarabati uliopita kiasi. Rangi yenye kung'aa kama kioo, ambayo Hamtramck haikuwahi kuitoa, na boliti zote kupakwa kromu. Miaka ya mwanzo ya 2000 wanunuzi walipenda hivyo. Sasa gari lenye rangi yake ya kwanza, hata ikiwa imepasuka pembeni, linaweza kulizidi bei lililokarabatiwa, kwa sababu rangi ya kwanza ni ushahidi: chini yake hakuna puti, namba hazijaguswa, alama za chaki za wakaguzi wa kiwanda bado zipo kwenye ukuta wa injini. Aliyeondoa rangi hiyo ameondoa kitu kisichonunulika tena.

Na soko lenyewe linavunjika. Januari 2006 'Cuda ya Hemi ya 1970 ya paa la kukunja iliuzwa dola milioni 2.16 katika mnada wa Barrett-Jackson, Arizona, na kwa muda ilionekana bei hazina dari. Msukosuko wa fedha wa 2008 ukaja, na magari haya yakashuka pamoja na nyumba na hisa. Yaliyoshuka haraka zaidi ni yale ya katikati, yenye hadithi nusu: bloku iliyobadilishwa, karatasi isiyokuwepo, kibati cha fenda kipya mno. Yenye ushahidi kamili yalisubiri, na ndiyo yaliyorudi kwanza. Gari la Seattle lilikuwa mojawapo ya hayo yaliyorudi.

Kwa anayekwenda kulitazama gari lenye jina Hemi ubavuni, abebe tochi, kioo kidogo cha mkononi, kitambaa, dawa ya kuondolea rangi na nakala ya misimbo. Asimame kwanza mbele ya kioo, upande wa dereva, asome herufi ya tano kabla boneti haijafunguliwa na kabla injini haijawashwa, kwa sababu mlio wa Hemi unapumbaza. Isipokuwa R, bei ya Hemi isizungumzwe tena. Kilichobaki kupimwa ni kutu, bodi na ubora wa kazi ya fundi.